Riwaya za Siku za Matanga

Tangu tumzike Ma Paskazia nimesoma riwaya tatu. Ya kwanza ni nene, inahusu ndugu watatu wanaogombania hoteli waliyoachiwa na baba yao, na mwandishi wake anapenda magari mno. Kila mtu akiingia kwenye sura, kwanza tunaambiwa amekuja na gari gani. Nilimpenda mpishi wa ile hoteli, mzee anayeonja mchuzi huku amefumba macho. Katikati ya kitabu mpishi huyo anatoka kwenda sokoni na harudi tena. Nilimngoja mpaka ukurasa wa mwisho. Ya pili ni nyembamba, ya mwalimu mjane aliyehamishiwa nchi kame, na hiyo niliisoma mpaka maharage yakaungua jikoni. Nililia mahali ambapo nadhani mwandishi hakukusudia mtu alie: mwalimu ameosha kikombe cha marehemu mumewe, kisha anasimama nacho mkononi, hajui akiweke rafu ipi. Ya tatu ni ya upelelezi. Muuaji nilimjua mapema, kwa sababu alikuwa mwema kupita kiasi, lakini niliendelea nikitaka kumwona akiaibika. Hakuaibika. Nikamwambia mjukuu wangu Neema, ambaye ndiye huniletea vitabu kutoka Mwanza, kwamba kile kitabu kifumuliwe kishonwe upya. Alicheka sana. Nimekuwa fundi cherehani pale Kayanga karibu maisha yangu yote, na kila kitu nakipima kwa mshono.

Nasoma sebuleni kwangu hapa Bugene, kiti kikiwa karibu na dirisha, miwani puani, bodaboda zikipita kuelekea mjini na vumbi lao. Kina mama wenzangu wa jumuiya wakinikuta huniuliza, “Ma Koku, unasomea nini?” Nawajibu kwamba nasomea raha. Hawaniamini. Mtu wa umri wangu akishika kitabu, watu hutegemea kiwe cha sala au cha dawa za sukari. Sibishani nao. Lakini mwezi huu, kila nikifungua riwaya, nasikia sauti ya mtu mwingine ikitangulia macho yangu kwenye mistari, na najua ni kwa sababu ya msiba ule wa Bugomora. Ma Paskazia alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Alikufa mzee sana, amelala, kama watu wanavyoomba wafe. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, na kijana wa kushika maiki aliyetusihi tuzingatie ratiba. Alasiri tulikuwa tumeshamzika. Jioni viti vilipakiwa kwenye lori. Nililala pale, na asubuhi niliona watu wanapita na majembe mabegani, wananisalimia shikamoo vizuri tu, wanakwenda shambani kwao. Mke wa mmoja wa wajukuu alikuwa ananimiminia chai, akaniuliza, “Bibi, eti zamani matanga yalikuwa marefu?” Nikamjibu ndiyo, yalikuwa marefu, nikaomba sukari. Sikuwa na nguvu ya kumwambia zaidi ya hapo, na chai yenyewe ilikuwa inapoa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipopelekwa Bugomora kukaa na Ma Paskazia. Sababu za kupelekwa ni habari za watu wengine, siziingizi hapa. Nyumba yake ilikuwa ya bati, ya vyumba vitatu, na jiko la nyasi kando, katikati ya migomba iliyokaribia sana ukuta hivi kwamba upepo ukivuma majani yalipapasa madirisha. Mbele palikuwa na kiwanja cha kuanikia kahawa, kimesilibwa vizuri, kikubwa kuliko vya majirani wote. Ndani palinuka moshi, kahawa mbichi na ndizi zilizofunikwa kwa majani zikiiva polepole kwa mvuke. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane, mwenye mikono inayomenya ndizi bila yeye kuitazama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ma Paskazia aliona hizo siku mbili ni anasa. Nilifika jioni, na alfajiri yake nilikuwa mstari mmoja naye, napalilia. Kitu alichokichukia duniani kuliko dhambi zote za katekisimu kilikuwa nyasi kwenye migomba. Akipita kwenye shamba la mtu lenye magugu, alifanya ishara ya msalaba.

Stela alirudi nyumbani mvua za vuli zilipoanza. Alikuwa binti yake wa pekee, amenizidi miaka minane au tisa, na alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni Bukoba mjini. Alishuka kwenye lori la mizigo amejifunika shuka, na nyuma yake akashushwa sanduku la bati zito kiasi kwamba utingo aliuliza kama amebeba mawe. Tulilifungua jioni ile. Juu kulikuwa na magauni mawili. Chini yake, mpaka kwenye bati, kulikuwa na riwaya. “Wageni husahau vitu vitatu,” Stela alituambia, “kitana, ndala na hadithi. Vitana na ndala nimewaachia wenzangu.” Ma Paskazia hakutazama vitabu. Alitazama viganja vya mwanawe, kisha shingo yake, kisha akaenda jikoni. Nilimsikia akimwambia jirani aliyekuja kusalimia, “Mji umemkausha tu. Ndizi zitamrudisha.” Yule jirani akasema, “Zitamrudisha, waitu,” neno letu la kumheshimu mtu, kwa sauti ya mtu anayejibu sala asiyoiamini. Stela naye alisikia, maana chumbani tulimokuwa maneno yote ya jikoni yalisikika. Alinikonyeza, akaninong'oneza nichague kitabu kabla mama yake hajanichagulia kazi.

Lazima nieleze desturi, kwa sababu bila desturi hiyo mimi nisingekuwa msomaji. Kwetu enzi hizo mtu akifa, jembe linalala. Si jembe la wafiwa peke yao, ni la kijiji kizima. Tangu kilio kinaposikika mpaka matanga yaanuliwe, siku zisizopungua nne, hakuna anayelima, hakuna anayepalilia, hakuna anayechuma kahawa hata kama imeiva mpaka inadondoka. Wanaume walikaa nje kwenye moto, wanawake ndani juu ya nyasi zilizotandikwa, na majirani walileta ndizi, maharage, kuni na maji. Aliyeonekana na jembe siku hizo alitozwa pombe ya ndizi na kusemwa mpaka wajukuu wake wakue. Sasa, mwaka ule watu walikuwa wanakufa. Walikufa vijana, walikufa wafanyabiashara waliokuwa wakivuka mto kwenda Uganda na kurudi, walikufa wake zao. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujapata jina la hospitali vinywani mwetu. Tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha mashati yaliyokuwa yakivushwa kutoka ng'ambo. Tulikuwa hatujaanua matanga ya huyu, kilio kinatokea upande wa pili wa bonde.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: mwaka ule nilisoma riwaya nyingi kuliko mwaka wowote wa ujana wangu, kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Kilio kikisikika, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa huzuni, maana wote niliwajua kwa majina, na cha pili kilikuwa kwamba kesho hakuna jembe. Viliingia moyoni kwa mlango mmoja. Niliwahi kumsimulia padri mmoja, akataka nitubu. Nikamwambia, Baba, mimi sikuua mtu, nilisoma tu. Asubuhi tulipeleka kuni na maji msibani, tukakaa na wafiwa, tukapika, tukaosha vyungu. Alasiri, mimi na Stela tulirudi nyumbani, naye akajilaza kwenye mkeka chini ya dirisha la chumba cha ndani, mimi nikaegemea ukuta. Alasiri yote ilikuwa yetu. Ma Paskazia ndiye aliyeteseka. Mikono yake haikujua kukaa. Alipanga vijiko, akavipangua, akatoka nje kutazama magugu kama mtu anayetazama mwizi asiyeruhusiwa kumkamata, akarudi ndani na kutukuta na vitabu.

“Mnasoma hadithi na watu wanalia?”

“Mama, lililokatazwa ni jembe,” Stela akajibu. “Kitabu hakikutajwa.”

“Hakikutajwa kwa sababu walioweka desturi hawakujua kwamba nitazaa mtu kama wewe.”

Nyingi za riwaya zile hazikuwa na majalada, wala sikujua majina yake. Mojawapo ilikuwa ya mpelelezi mvaa kofia ambaye hakuweza kufikiri mpaka ale kuku mzima. Nyingine ilikuwa ya nesi aliyependwa na wanaume wawili, mmoja mwenye pesa na mmoja mwenye gitaa, nami nililia alipomchagua mwenye gitaa, kwa sababu hata wakati ule niliona hawatakuwa na cha kula. Zote zilitoka pwani. Watu wake walikula wali kwa tui la nazi, na kila mwandishi alitaja tui lile kana kwamba kila mtu amezaliwa ndani yake. Mimi nilikuwa sijaiona nazi. Siku moja nilisoma kwa sauti, na Ma Paskazia, aliyejifanya hasikilizi, akauliza ni kitu gani. Stela alikuwa ameiona Bukoba. “Ni kama jiwe lenye nywele, Mama. Ukilipasua, ndani kuna maziwa.” Ma Paskazia alisimama na ufagio mkononi. “Mawe! Na watu wazima wanakula?” Tulicheka mpaka Stela akakohoa, akakohoa mpaka tukaacha kucheka. Mama yake alimshika mgongo, akamwambia kwamba ni vumbi la vitabu.

Stela alikuwa na namna yake ya kusoma ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Alianzia ukurasa wa mwisho. Nilimwambia hiyo ni kuiba, akasema, “Nataka kujua kama mtu wangu anapona. Akipona, nasoma haraka. Asipopona, nasoma taratibu, nikae naye.” Wakati ule niliona ni utani. Sasa nasoma sebuleni kwangu, nakutana na mpishi anayeondoka na kikapu chake kwenda sokoni, naona laiti ningefanya kama Stela, ningekaa naye zaidi pale jikoni. Msimu wa senene alikuwa bado anatoka nje. Tuliketi jikoni tukiwanyofoa mabawa panzi hao, akiwala wakiwa wa moto bado kwenye kikaango, na vidole vyake vikaacha mafuta kwenye kurasa. Krismasi ilipopita alianza kutembea akishika ukuta. Kwaresima ilipofika, mimi ndiye niliyekuwa nasoma na yeye anasikiliza, macho ameyafumba, akiinua kidole kila mwandishi alipodanganya. Alijua uongo wa riwaya kama mama yake alivyojua magugu. “Hakuna mwanamke anayesema hivyo,” angesema. “Rudi, msomee mwandishi aone haya.”

Masika yalikwisha, kahawa ikaanza kuwa nyekundu, na hatukuwa tumeipalilia hata nusu. Vilio havikukoma. Nyasi zilifika magotini mwa migomba, mikungu ikatoka midogo kama ya mgomba wa mwituni, na kahawa ilidondoka chini ikaoza ikinuka utamu mbaya. Kuna nyumba zilizoanza kula mlo mmoja. Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Bernardo, alipoita mkutano, na kwa kuwa kiwanja chetu ndicho kilikuwa kikubwa, watu wakaja kwetu Jumapili baada ya misa. Ma Paskazia alizungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na Stela, kitabu kimefunguka magotini. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyao. Nilikuwa nikisoma, naye akaweka kiganja chake juu ya ukurasa ili ninyamaze, tukasikiliza.

Ta Bernardo alisema aliloitia watu: kwamba wazee wa vijiji vya jirani wamekwisha kukubaliana, mtu azikwe, aliliwe siku hiyo, na kesho yake watu waende shamba, atakayebaki nyumbani kuvuta matanga ndiye atozwe pombe. Pakawa na kelele. Mwanamume mmoja akajaribu kutania, akasema kifo cha wengi harusi, na watu wakamnyamazisha kwa ukali. Mama mmoja aliyefiwa mwezi uliopita alisema kwa sauti ya kukatika, “Wangu alipata siku zake zote. Mwenzangu atakayefuata, mwanawe mumpe moja? Amekosa nini?” Nilisikia mtu anatema maganda ya kahawa. Wengine walianza kusema iachwe kama ilivyo, tufe na desturi yetu. Hapo akasimama Ma Paskazia.

“Waitu,” alisema, “mimi sina mume. Migomba ndiyo mume wangu. Mgomba haujui kama jirani amekufa. Ukiuacha leo kwa msiba huu na kesho kwa msiba ule, na wenyewe unakufa, halafu tutakaa matanga tukila nini? Tuzike, tulie, kesho tushike jembe. Walio hai wale.”

Alisema kwa namna yake, bila kupandisha sauti, nami nilisikia mkutano ukilainika. Mwanamke, mjane, mchapakazi, na kila mtu alijua kilichokuwa ndani ya nyumba yake. Baada ya yeye kusema, nani angepinga? Wakakubaliana. Nimefikiri juu ya maneno yale kwa miaka yote hii na sijaona kosa ndani yake. Watu walikuwa na njaa. Wala sidhani alikuwa anajua anasema juu ya nani. Wiki ile Stela alikuwa amemaliza sahani nzima ya ndizi, na Ma Paskazia alikuwa amebeba sahani ile tupu kuionyesha kwa jirani. Moyoni mwake binti yake alikuwa anapona, na sheria ilikuwa ya watoto wa watu wengine. Aliingia chumbani na kikapu cha kahawa kingali mkononi, akatukuta tumekaa vile tulivyokaa.

“Umesema vizuri, Mama,” Stela akamwambia.

“Sikuwa nasema habari zako.”

“Najua.”

“Wewe unapona.”

“Najua, Mama.”

Ma Paskazia akampa punje za kahawa kama mtu anavyompa mgeni, akatoka. Stela aliziweka mdomoni, akatafuna polepole. Alinitazama akatabasamu, na ninachokumbuka ni jinsi meno yalivyokuwa yamemzidi uso. “Nilikuwa nimekupangia siku nne, Koku,” alisema. “Ungemaliza hiki na kingine.” Nilitaka nicheke kwa sababu ndicho alichokitaka, nikalia badala yake, na yeye akaninyamazisha akisema nitalowesha kitabu cha watu.

Kitabu hicho kilikuwa cha msichana aitwaye Salima, binti wa mwenye mashine ya kusaga kwenye mji mdogo wa reli. Ameposwa na mtu asiyemtaka, na anataka kwenda kujifunza kupiga taipu. Hakikuwa kitabu kizuri sana; sasa hivi ningekifumua sehemu nyingi. Lakini Salima alijua kujibu. Shangazi yake akisema neno moja, yeye anarudisha mawili, na Stela alimpenda kuliko watu wote wa sanduku lile. Nilipokianza nilimuuliza kama nimsomee kwanza ukurasa wa mwisho, kama kawaida yake. Akakataa. “Hiki tusome kama watu wasiojua,” alisema. Tulikwenda kurasa chache kwa siku, kwa kuwa sasa nilikuwa na jembe asubuhi zote, misiba au hakuna misiba, na yeye alichoka upesi. Mara ya mwisho nilimwacha Salima amesimama barazani, mikono kiunoni, anamwambia shangazi yake kwamba ng'ombe ndiye hutolewa zizini bila kuulizwa. Stela aliinua kidole, nikadhani anasema ni uongo. “Hapo amesema kweli,” alisema. “Nisomee tena kesho hapohapo.”

Kesho yake mchana alifariki. Kahawa ilikuwa imeanikwa nje, Ma Paskazia akiigeuza kwa reki, nami nilikuwa jikoni napasha uji. Nilikwenda na kikombe, nikarudi nacho. Sikumbuki nilimwambiaje mama yake. Nakumbuka reki ilianguka, na sauti iliyotoka kwenye kile kifua kikavu ambacho sikuwahi kukisikia kikilalamika hata kwa jino. Watu walikuja, walilia kweli, kwa kuwa Stela alikuwa amewachekesha wengi. Tulimzika siku iliyofuata nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Baada ya udongo kushindiliwa, Ta Bernardo alisimama, kofia mkononi, hakumtazama Ma Paskazia. “Kama tulivyokubaliana,” alisema, na hakumaliza. Ma Paskazia ndiye aliyeitikia kwa kichwa ili watu wapate ruhusa ya kwenda.

Asubuhi yake aliamka kabla yangu. Nilimwona akichukua jembe lake pale lilipochomekwa darini, akafunga kitenge, akatoka mpaka mwisho wa kiwanja. Tayari majembe yalikuwa yanasikika, kwa jirani wa juu na kwa jirani wa chini, yakigonga udongo mkavu. Alisimama pale muda mrefu. Kisha alirudi, akaliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani na kukaa juu ya nyasi za msiba ambazo kwa sheria mpya zilitakiwa ziwe zimeshafagiliwa. Alinyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa. Ta Bernardo alipita njiani, akamwona kupitia mlango ulio wazi, akasimama.

“Ma Paskazia, hujaenda shamba?”

“Sijaenda.”

“Unajua ile faini…”

“Najua. Mimi ndiye niliyeisemea. Pombe nitaikamua mwenyewe, niletee mtungi.”

Ta Bernardo alivua kofia tena, akaenda zake, na mtungi hakuuleta kamwe. Ma Paskazia akaniambia, “Lete kitabu alichokuwa akisoma.” Nikamletea. Nikamuuliza kama nianze mwanzo, apate kuwajua watu. “Alipoishia,” alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha mnadani, kwa hiyo mahali pengine nilimgeuzia kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Hakuuliza Salima ni nani, wala shangazi ni nani. Nilisoma siku ile, na siku ya pili, na ya tatu, yeye amekaa, mikono yake kwa mara ya kwanza imetulia mapajani. Nilipofika mahali Salima anapoanza kuumwa homa, nilinyamaza.

“Mbona umeacha?”

“Msichana anaumwa, Mama.”

“Soma.”

Mwandishi hakumpa kurasa nyingi. Homa, daktari, baba analia mashineni, na mstari mmoja: walimzika jioni. Chini yake sura nyingine ilianza, mvua zinanyesha na mashine ya kusaga imefunguliwa tena. Nilisoma vyote kwa pumzi moja ili nimalize.

“Rudia hapo,” alisema.

Nikarudia.

“Walimlilia siku ngapi?”

Niligeuza ukurasa, nikaurudisha, nikatafuta kati ya ile mistari miwili kana kwamba naweza kumpatia siku hizo. “Hakisemi, Mama. Walimzika, halafu mvua.”

Niliogopa atakasirika, atakiita kitabu cha uongo, maana hivyo ndivyo Stela angesema. Alifuta macho kwa upindo wa kitenge, akatazama nje, kwenye migomba, ambako watu walikuwa wakilima.

“Basi na kwao walikuwa wanakufa wengi,” alisema. “Maskini.”